Kiluwiluwi Asiyegeuka: Ni Maumbile au ni Kasoro?

Mwanafunzi aliyewahi kufuga viluwiluwi vya chura anajua kwamba miguu ya nyuma hutangulia kuonekana, mkia hufupika hadi ukatoweka, na mnyama hutoka majini. Badiliko hili huitwa metamofosisi. Je, likikwama njiani?

Swali hili huwapata mara kwa mara wafugaji wa niuti huko Ulaya na Marekani. Niuti ni salamanda wadogo, jamaa wa chura. Hawapatikani Afrika kusini ya Sahara. Kiluwiluwi wa niuti ana matamvua yaliyochanua nje ya shingo kama manyoya. Kinyume cha chura, miguu yake ya mbele ndiyo hutangulia, na mkia haupotei. Kwa kawaida, baada ya miezi michache matamvua hunywea, naye huanza kuishi nchi kavu. Hata hivyo, baadhi yao hubaki na matamvua mwaka mzima au zaidi.

Badiliko hili huongozwa na tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Mwaka 1912 J. F. Gudernatsch alieleza kwamba viluwiluwi vya chura waliolishwa thairoidi ya farasi waligeuka mapema mno, wakawa vyura vidogo sana. Baadaye B. M. Allen aliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo. Hawakugeuka, bali waliendelea kukua wakiwa viluwiluwi. Ili kutengeneza homoni yake, thairoksini, tezi huhitaji iodini.

Basi kiluwiluwi anapochelewa, tuchunguze mambo matatu.

(a) Baridi. Maji baridi hupunguza kasi ya badiliko. Huku ni kuchelewa tu, si ugonjwa.

(b) Maumbile. Aksolotli wa Xochimilco, Meksiko, hukomaa na kuzaa akiwa na matamvua yake. Tezi yake haipati kichocheo cha kutosha kutoka tezi ya pituitari. Akipewa thairoksini huweza kugeuka. Baadhi ya niuti wa Ulaya nao huzaa wakiwa katika hali hiyo.

(c) Kasoro. Tezi yenyewe huweza kuwa na hitilafu, au iodini ikapungua.

Vidole vilivyopungua ni jambo jingine. Mara nyingi viluwiluwi waliosongamana huumana. Niuti huotesha upya kiungo kilichokatika, lakini pengine kiungo kipya huwa na hitilafu.

Mfugaji asiharakishe kutia iodini au homoni majini. Homoni ikizidi, viungo hugeuka bila kulingana, na mnyama huweza kufa. Kwanza apime joto la maji, apunguze msongamano, na aweke jiwe la kupandia. Niuti aliyekwisha kupoteza matamvua huweza kuzama akikosa pa kutokea.

Maswali

1. Kwa nini aksolotli hawezi kuitwa mgonjwa?
2. Viluwiluwi wawili hawajageuka: mmoja ameishi katika maji baridi, mwingine hana thairoidi. Ukiongeza joto la maji, unatazamia nini kwa kila mmoja? Eleza sababu.
3. Majaribio ya Gudernatsch na Allen yanakamilishana vipi?