Katuni Mbele ya Tabernakulo: Nani Kaziruhusu?

Hapa Nangara kijana mmoja aliniuliza: mchezo wa simu unaweza kuweka katuni inayorukaruka mbele ya Tabernakulo? Ndiyo. GPS inajua ulipo, programu inaichora juu ya picha ya kamera, paroko haulizwi.

Mwaka 2016 makanisa mengi duniani yalijikuta vituo vya Pokémon GO. Makumbusho ya Auschwitz, Poland, walikouawa watu zaidi ya milioni 1, yaliomba yaondolewe kwenye mchezo, yakaondolewa. Yaani inawezekana, ila anayehangaika ni mwenye eneo. Mimi naona kinyume kabisa: mgeni ndiye abishe hodi!

(Wakatoliki nao walitoa Follow JC Go mwaka 2018, ya kutafuta watakatifu. Nzuri, lakini siyo wakati wa Misa jamani.)

Mkikuta kituo parokiani, mwambieni paroko, mkamsaidie kuiandikia kampuni.