Kujibu Sifa: Kiingereza cha Marekani na Kiarabu cha Siria

Makala haya yanalinganisha jinsi sifa zinavyojibiwa katika Kiingereza cha Marekani na Kiarabu cha Siria. Pomerantz (1978) alionyesha kuwa msemaji wa Kiingereza anayesifiwa hubanwa na masharti mawili: kukubaliana na anayemsifu na kuepuka kujisifu. Njia moja ya kujinasua ni kusema 'thank you' na kunyamaza.

Kwa Msiria, shukurani pekee huonekana pungufu. Saa yake ikisifiwa, huenda akajibu 'muqaddam', yaani imetolewa kwako. Hata hivyo, aliyeisifu hatarajiwi kuipokea, bali kuikataa kwa upole, kwani kinachotolewa hapo ni heshima. Hivyo basi, mfasiri anayeandika 'ichukue' bila kufafanua muktadha huhifadhi neno na kupoteza adabu. Pragmatiki haina budi kufunzwa sambamba na sarufi.