Kwa Miguu Kando ya Reli ya Kasese: Matembezi ya Familia Kutoka Nateete

Kampala ni mji wa vilima, na mzazi aliyewahi kubeba mtoto mgongoni kutoka Nateete hadi Rubaga hahitaji kuambiwa. Ukigeuka kuelekea Mutundwe, unapanda vilevile. Iko njia moja isiyopanda: ile iliyochongwa kwa ajili ya garimoshi. Treni hushindwa na mwinuko mkali, kwa hiyo wajenzi wa reli ya kwenda Kasese waliipitisha mabondeni, wakavizunguka vilima badala ya kuvikwea. Ndiyo maana tuta lake linamfaa mtoto wa miaka mitano, na linamfaa pia jjajja (babu au bibi) ambaye ngazi za nyumbani tayari zinamsumbua.

Reli hiyo ni mwendelezo wa ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Mwaka 1956 ikafika Kasese kufuata shaba ya Kilembe. Mgodi uliposimama mzigo ukapungua, na mwishoni mwa miaka ya 1990 treni zikaacha kwenda huko. Katika nchi nyingine reli za namna hii zimegeuzwa rasmi kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilifanya hivyo tangu miaka ya 1960 kwa njia ya Elroy hadi Sparta, yenye urefu wa kilomita zipatazo 50. Nateete hakuna kibao, uzio wala benchi. Njia imechongwa na nyayo za watu wanaokwenda sokoni, kazini na shuleni. Mimi naiona njia hiyo kuwa mali kubwa ya mtaa, na ningependa watoto wetu waijue. Lakini maandalizi yote yatakuwa juu yako.

Kwanza kabisa, jua kipande kilicho hai. Karakana ya reli iko Nalukolongo, jirani kabisa na Nateete, na vichwa vya treni hupelekwa huko kufanyiwa matengenezo. Kwa hiyo kati ya stesheni ya Kampala na Nalukolongo usimtembeze mtoto relini hata hatua kumi, hata kama unawaona watu wazima wakipita. Usitegemee masikio: kelele za Barabara ya Masaka na za mafundi vyuma huimeza sauti ya treni mpaka iwe karibu mno. Matembezi yako yaanzie magharibi ya karakana, uso ukielekea Busega na Kyengera. Hata huko ardhi ni ya Shirika la Reli la Uganda. Ukikuta ilani ya kukataza, au mafundi wako kazini, geuka. Siku moja kabla, muulize mwenyekiti wa mtaa (LC1) au mwenyeji yeyote kipande gani kinapitika. Sehemu nyingine nyumba na vibanda vimeikalia njia, sehemu nyingine udongo umeifunika reli, na ni mkazi tu anayejua hali ya wiki hii.

Mabonde yaliyompa dereva wa treni wepesi ndiyo yanayokusanya maji. Eneo la Nalukolongo hufurika mvua ikinyesha sana, na mtaro wake mkuu hubeba taka za kila aina. Epuka siku inayofuata mvua kubwa, hasa kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Usimruhusu mtoto kuchezea maji ya mtaro, wala kuvuka dimbwi ambalo huoni chini yake, maana kalavati lililovunjika halionekani maji yakiwa yamejaa. Viatu viwe vya kufunika vidole. Kokoto za reli huteleza chini ya ndala, na kuna vipande vya chuma na vigae njiani. Sabuni kidogo ya kunawa kabla ya kula si mzigo. Beba na maji ya kutosha, kwa sababu jua la mji ulio mita 1,200 juu ya usawa wa bahari huchoma hata kukiwa na upepo baridi.

Ondokeni saa moja asubuhi. Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine afunge msafara, watoto wawe katikati. Bodaboda nao huitumia njia hii na hutokea nyuma yako ghafla, kwa hiyo wafundishe watoto neno moja la kuwafanya wote wahamie upande mmoja, na mlifanyie mazoezi nyumbani. Simu ikae mfukoni. Namba za polisi za dharura ni 999 na 112. Ila hatari kubwa kuliko zote ni kuvuka Barabara ya Masaka. Hapo kila mtoto ashikwe mkono, hata yule anayejiona mkubwa.

Kutoka Nateete hadi Busega ni takriban kilomita mbili. Mkienda kwa mwendo wa mtoto, mkisimama kutazama mafunjo na kuhesabu mataruma, itachukua saa nzima au zaidi. Msiharakishe.

Na mwisho wa safari uko mahali panapostahili. Alexander Mackay, mhandisi na mmisionari wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, aliishi Nateete na kuendesha mashine ya kuchapia hapo. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walijifunza kusoma kwa Kiswahili kabla vitabu vya Kiganda havijapatikana. Mtoto anayesoma Kiswahili shuleni leo afurahie kulijua hilo. Tarehe 31 Januari 1885, watatu kati ya vijana wa misheni hiyo, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto Mpimerebera, Busega, wakati wa Kabaka Mwanga. Ndio waliotangulia mashahidi wa Kikristo waliouawa Namugongo. Pana kumbukumbu yao hapo, na ni mahali pa ibada: ingieni kwa utulivu, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Kwa watoto wadogo, waeleze kwamba walikuwa vijana waliopenda kusoma. Habari ya moto inaweza kungoja miaka michache. Walio wakubwa waambie yote, kwa sababu Lugalama mwenyewe alikuwa bado mtoto.

Kurudi, msitembee tena. Watoto watakuwa wamechoka na jua limepanda. Pandeni taksi ya kuelekea mjini na mshuke Nateete, mkaagize rolex (chapati ya kuviringisha) ya mayai mawili kwa kila mmoja.