Namna ya Kupiga Picha ya Vimondo

Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, vimondo huonekana kwa wingi angani. Watu wengi huviita nyota zinazoanguka, lakini hakuna nyota iangukayo. Hizo ni chembe za vumbi lililoachwa na jabali liitwalo Phaethon, ambalo hulizunguka jua, nalo liligunduliwa mwaka 1983. Chembe hizo huingia katika hewa yetu kwa mwendo wa kilomita 35 kwa sekunde, zikawaka na kwisha zingali juu sana.

Mtu atakaye kupiga picha ya kimondo asijaribu kukifukuza, maana kabla kidole hakijafika kwenye kamera, kimondo kimekwisha kutoweka. Na afanye kama mtegaji: atege, kisha angoje.

Kwanza, chagua mahali penye giza, mbali na taa. Katika jambo hili mtu wa shamba amejaliwa kuliko mtu wa mjini. Pili, isimamishe kamera juu ya miguu mitatu, au iweke imara juu ya jiwe, isitikisike hata kidogo. Tatu, irekebishe lenzi kwa mkono mpaka nyota kubwa ionekane kama nukta ndogo. Nne, lifungue tundu la lenzi kadiri iwezekanavyo, weka kipimo cha ISO 1600 au 3200, na kila picha ichukue sekunde 15. Ukizidisha mno, nyota nazo zitaonekana kama mistari, kwa sababu dunia inazunguka.

Vimondo hivi huonekana kana kwamba vinatoka katika kundi la nyota liitwalo Mapacha. Hapa Kenya kundi hilo huchomoza upande wa kaskazini mashariki kabla ya saa nne usiku, na baada ya saa nane huwa juu. Usiielekeze kamera pale pale, maana huko mistari huwa mifupi, ielekeze kando. Kisha iache ipige picha mfululizo, nawe ufute umande kwenye lenzi kwa kitambaa kikavu.

Asubuhi utakuta picha nyingi hazina kimondo. Usivunjike moyo, bali zitazame moja moja. Mstari unaoendelea katika picha mbili au tatu zinazofuatana ni wa ndege au setilaiti. Uliomo katika picha moja tu yaelekea ndio kimondo ulichokikeshea. Mstahimilivu hula mbivu.