Kabla Baiskeli Haijatoka Nyumbani
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Katika vijiji vingi vya Tabora, Shinyanga na Simiyu, baiskeli ndiyo usafiri wa familia. Ndiyo inayopeleka mahindi mashineni, mgonjwa zahanati, mwanafunzi sekondari, na gunia la mpunga au mkaa mjini. Watu huiendesha kilomita 40, 60 na hata zaidi kwa siku moja, tena juu ya Phoenix la chuma lisilo na gia, na bado wengi hawaioni safari hiyo kuwa jambo la kujiandalia. Mtu anaamka, anajaza upepo, anaondoka.

Kijitabu hiki ni cha watu wote wa nyumba, si cha mwendeshaji peke yake. Mengi yanayomwangusha mtu njiani yalikuwapo nyumbani tangu jioni: maji hayakuchemshwa, breki ililegea, homa ilinyamaziwa. Mwenye kuyaona mapema anaweza kuwa mke, kaka, bibi, au mtoto wa darasa la sita. Aliyeona aseme, na anayesafiri akubali kusikiliza.

Nani asiondoke kesho

Mwenye homa asiondoke. Katika mikoa yenye malaria, homa ni sababu ya kwenda kupimwa, na kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa. Kumeza panadol ili homa ishuke kisha ukapanda baiskeli ni kuuficha ugonjwa: joto la homa likiongezwa joto la kukanyaga chini ya jua, mwili unaweza kushindwa kabisa. Anayeharisha naye abaki, kwa kuwa ameshapoteza maji hata kabla ya kutoa jasho.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aonane na mhudumu wa afya kabla ya safari. Kukanyaga kwa saa nyingi hushusha sukari, na inaweza kuendelea kushuka hata usiku akiwa ameshalala. Abebe glukosi au sukari mfukoni mwake, isiwe ndani ya mzigo uliofungwa. Anayefuatana naye ajue dalili: kutetemeka, jasho la baridi, maneno yasiyoeleweka. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta mahali mkono unapofika. Mwenye selimundu, na katika Kanda ya Ziwa familia zenye tatizo hili ni nyingi, asifanye safari ndefu ya baiskeli bila ushauri wa daktari, maana upungufu wa maji na uchovu huamsha maumivu makali. Anayebanwa kifua anapopanda mlima hana habari ya safari tena; aende hospitali.

Mjamzito, hasa aliyekaribia kujifungua, asipakiwe kwenye keria kupita njia ya mashimo kama kuna namna nyingine. Kukiwa na dharura ya uzazi, piga 115 bila malipo, huduma ya usafiri ya m-mama.

Kuna tabia moja inayoenea kwa wabeba mizigo: kumeza diklofenaki au dawa nyingine ya maumivu asubuhi ili mwili "usisikie" safari. Tunaisihi kila kaya iikomeshe. Dawa hizo zikikutana na mwili uliokaukiwa maji zinaweza kuumiza figo, na maumivu yaliyofichwa humfanya mtu apite mahali alipopaswa kusimama.

Maji

Anayekanyaga kwenye joto hupoteza kwa jasho kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na mwenye mzigo mzito huzidi hapo. Mwenye Phoenix lililopakia huenda kama kilomita 10 hadi 12 kwa saa, kwa hiyo kilomita 60 ni saa tano au sita za jasho. Chupa ya nusu lita inayoning'inia kwenye usukani haitoshi hata saa moja. Pimeni lita tatu hadi nne, na mjue mtajaza wapi tena. Kama ni kisima cha wazi au bwawa, mpeni msafiri vidonge vya kutibu maji na mfundisheni kusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti, hata kama kiu inamsumbua.

Katika maji hayo, lita moja iwe na chumvi na sukari, kwa sababu jasho huondoka na chumvi. Chemsha maji lita moja, yaache yapoe. Chukua kijiko cha chai, jaza sukari, kisawazishe kwa ubapa wa kisu ili isibaki lundo juu, mimina. Rudia hadi vijiko 6. Kisha nusu kijiko cha chumvi, nacho kikisawazishwa hivyo hivyo. Koroga mpaka chembe ziishe, halafu onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga, anza upya. Chumvi nyingi ni hatari, hasa mtoto akiyanywa maji hayo bila mtu kujua. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Anywe mafunda machache machache kila baada ya robo saa, asingoje koo likauke. Lakini pia asijilazimishe kunywa malita ya maji matupu kwa mkupuo. Hilo nalo hupunguza chumvi mwilini kupita kiasi. Mkojo ndio kipimo chake: njano hafifu ni salama, njano iliyokolea ni amri ya kunywa na kupumzika. Pombe na vinywaji vya kuongeza nguvu vibaki dukani.

Mtu aliyezidiwa na joto huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu na misuli kukaza. Hapo kivuli, maji na mapumziko humrudisha. Akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuzimia, na mwili wake una moto mkali, hiyo ni dharura ya kuua. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Chakula

Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini hupungua sana baada ya saa moja na nusu hadi mbili za kazi nzito. Ndipo miguu huisha ghafla na mtu huona giza. Jioni ale vizuri, ugali au wali na maharage. Asubuhi uji mzito saa moja kabla ya kuondoka unatosha. Anayeshindilia ugali na kupanda papo hapo ataumwa tumbo.

Cha njiani kisihitaji moto wala kuharibika. Wanyamwezi na Wasukuma wana jibu bora kuliko biskuti za dukani: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pamoja na karanga za kukaanga. Ongezeni ndizi mbivu. Ale kidogo kila baada ya dakika 45, kabla njaa haijauma.

Baiskeli yenyewe

Fundi hutazama mnyororo na tairi. Familia itazame na urefu wa siti, kwa kuwa ndio unaoumiza magoti ya watu wengi. Mmoja aishike baiskeli isimame wima, mwendeshaji akae, aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akihamisha mguu akanyage kwa unyayo wa mbele, goti litakunjika kidogo, nako ndiko kunakotakiwa. Siti iliyo chini mno hulipa goti kazi isiyo yake, na vijana wengi wanaolalamikia magoti wangepona kwa spana tu.

Breki zijaribiwe na mzigo ukiwa juu. Baiskeli tupu husimama. Yenye gunia ni habari nyingine, na mvua ikinyesha breki za vyuma hushika vibaya zaidi. Gunia lifungwe kwa mipira iliyokaza, lisiegemee upande, lisizuie macho kutazama nyuma. Pampu, viraka, gundi na spana visisahaulike: pancha ya jioni ndiyo inayomwacha mtu barabarani gizani.

Mwili nao unahitaji mazoezi. Aliyekaa miezi bila kuendesha asianze na kilomita 60. Aende 15, kisha 25, apumzike, aongeze. Kuzoea joto huchukua kati ya siku 7 na 14, na hakuna njia ya mkato.

Saa ya kuondoka, na barabara

Jua la Tabora huchomoza takriban nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza au mwanga hafifu. Ondokeni dereva wa lori anapoweza kuwaona, mmalize sehemu kubwa ya safari kabla ya saa sita mchana, mpumzike kivulini hadi jua lipungue. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, ndio wenye joto kali. Safari isiyo ya lazima isubiri.

Kaa kushoto. Ukisikia lori nyuma yako na barabara ni nyembamba, shuka pembeni usimame. Upepo wa lori humvuta mwenye baiskeli, na heshima ya kugombania lami haina faida. Vaa shati jeupe au la rangi kali, bandika viakisi nyuma, na usiku uwe na taa. Kofia ngumu ya baiskeli hupunguza sana hatari ya jeraha baya la kichwa. Wengi huiona ni ya watalii. Sisi tunaiona kuwa na maana kuliko redio mnayofunga kwenye usukani.

Mambo ambayo watu huona haya kuuliza

Wanaume huuliza kama baiskeli hupunguza nguvu za kiume. Uendeshaji wa kawaida haujathibitika kuleta tatizo hilo. Lakini ganzi sehemu za siri ni onyo kwamba mshipa wa fahamu unabanwa: inuka kwenye siti kwa nukta chache kila baada ya dakika kumi, punguza mwinuko wa pua ya siti, na ganzi isiyoisha baada ya safari ionwe na daktari. Ganzi ya vidole nayo hutokana na kuegemea usukani muda mrefu, badilisha mshiko.

Na msichana "haharibiki" kwa kupanda baiskeli. Kumnyima binti baiskeli kwa hofu hiyo ni kumwachia kilomita kadhaa za kutembea alfajiri peke yake, na huko ndiko hatari iliko.

Akianguka

Aliyegonga kichwa, aliyezimia hata kwa muda mfupi, anayetapika au kuzidi kusinzia, apelekwe kituo cha afya mara moja. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Michubuko ioshwe kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga utoke, hata kama inauma. Isitiwe kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa wala majivu. Ulizeni kuhusu sindano ya pepopunda, kwani barabara ya vumbi na samadi ndiyo makazi ya vijidudu vyake. Fomu ya PF3 ifuatiliwe na mtu mwingine polisi wakati majeruhi anaelekea kutibiwa, asikae kuisubiri.

Mtoto aliye nyuma

Jeraha hili linatuumiza zaidi kuliko yote kwa sababu linazuilika kwa gharama ndogo. Mtoto amekaa kwenye keria, miguu inaning'inia. Anasinzia. Mguu unateleza ndani, spoku zinaukamata na kuubana kwenye fremu. Kwa kawaida kinachoumia ni kisigino na kano kubwa iliyo nyuma yake. Siku ya kwanza huonekana mchubuko tu, wazazi wanapaka dawa na kulala. Baada ya siku chache ngozi inakuwa nyeusi na kufa, na huenda kuna mfupa uliovunjika ambao hakuna aliyeuona. Kwa hiyo kila mguu ulioingia kwenye spoku upelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, usizungushe gurudumu wala kuvuta mguu kwa nguvu. Kata spoku kwa koleo.

Kinga ni bati jepesi au wavu mgumu wa plastiki uliofungwa pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na vikanyagio viwili ambavyo fundi wa kuchomelea anaweza kuviweka. Ncha za khanga na kitenge za mama anayekaa upande zifungwe juu, kwani hunaswa na gurudumu hilohilo. Mtoto asiyeweza kukaa na kushika mwenyewe asiachwe peke yake kwenye keria hata kwa mwendo mfupi.

Kama baiskeli yenu haina kinga hiyo, mpelekeeni fundi wiki hii, na mpaka itakapowekwa, mtoto asipande nyuma.