Mwanao akichaguliwa UMISSETA: mzazi wa Maganzo ajue nini

Ukipita Maganzo jioni ya mwezi wa tano, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, huwakosi. Mashati meupe ya shule yametundikwa kwenye goli la miti, nusu ya wachezaji wako peku, waliobaki wamevaa njumu za mtumba zilizoshonwa kwa uzi wa kiroba. Vumbi limetanda, na mwalimu wa michezo, filimbi mdomoni na daftari kwapani, anaandika majina. Majina yale ndiyo mwanzo wa safari ya UMISSETA. Mzazi, mara nyingi, huja kusikia habari hiyo siku ya mwisho kabisa, mtoto anaporudi nyumbani na kusema, "Mama, kesho tunasafiri, nahitaji soksi."

UMISSETA ni Umoja wa Michezo na Sanaa kwa Shule za Sekondari Tanzania. Shule za msingi zina umoja wao, UMITASHUMTA. Michezo hii inasimamiwa kwa pamoja na TAMISEMI na wizara za elimu na michezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule iliwahi kusimamishwa, na kizazi kizima cha vijana kikapita bila ngazi hii. Waliokuwa sekondari wakati ule wanajua walichokosa. Mwaka 2020 nako hakukuwa na fainali, kwa sababu shule zilifungwa mwezi Machi kutokana na korona. Fainali za taifa huhama: zimeshafanyika Mwanza, zikaenda Mtwara, kisha Tabora. Kwa mtoto wa Kishapu, wilaya yetu, Tabora ni jirani. Mtwara ni kuvuka nchi nzima kwa basi, na mzazi ana haki ya kujua mapema.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo kubwa. Soka ya UMISSETA haichezwi kama kombe la mtoano la klabu, ambapo timu ikifungwa basi imetoka na wachezaji wake wote. Shule zinakutana kwanza huku chini, kwenye kata na tarafa, na hapo walimu wanachagua wachezaji bora wa kuunda timu moja ya wilaya. Timu ya Kishapu inakwenda mkoani kukutana na Shinyanga Manispaa, Shinyanga Vijijini, Kahama, Msalala na Ushetu. Mkoani nako wanachujwa upya, na wanaobaki ndio wanaovaa jezi ya mkoa wa Shinyanga kwenye fainali za taifa. Kwa hiyo shule ya Maganzo inaweza kufungwa mabao matano, na bado beki wake wa kushoto akafika taifa. Usimwambie mtoto "mmefungwa, rudi uchunge ng'ombe" kabla hujamuuliza mwalimu kama jina lake limechukuliwa.

Mashindano mengine yana utaratibu tofauti. Kwenye michezo ya sekondari ya Afrika Mashariki, FEASSSA, inakwenda shule kwa jina lake. Mashindano ya soka ya shule ya CAF nayo ni ya shule. Fainali zake za mwaka 2024 zilichezwa Zanzibar mwezi wa tano, na shule bingwa ilitengewa Dola za Marekani 300,000 za kujiendeleza. Kwa mkuu wa shule yenye vijana wazuri, hilo ni la kufuatilia kwa karibu.

Sasa twende kwenye karatasi, maana huko ndiko watoto wengi wanakoangukia. Kabla ya mechi kuna uhakiki. Kamati inataka kuona kwamba mchezaji ni mwanafunzi kweli, anasoma shule iliyomleta, na umri wake uko ndani ya kiwango kilichowekwa mwaka huo. Wanaangalia usajili wake shuleni, picha, na cheti cha kuzaliwa.

Mwaka mmoja nilikuwa uwanjani wakati wa uhakiki. Alikuwepo kiungo mmoja wa kidato cha pili, mfupi, mguu wa kushoto kama umepakwa gundi. Nyumbani alipewa jina la babu yake, la Kisukuma, na ndilo lililokuwa kwenye cheti. Shuleni aliandikishwa kwa jina la ubatizo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuyalinganisha. Mwalimu aliapa kwamba ni mtoto yuleyule, na kweli alikuwa yuleyule, lakini karatasi mbili zilionyesha watu wawili. Alikaa chini ya mwarobaini siku nzima akiwa amevaa soksi na jezi, akiangalia wenzake wakicheza. Sikumlaumu aliyemzuia, kwa sababu angemruhusu yeye angelazimika kuwaruhusu na mamluki.

Mamluki, kwa asiyejua, ni mchezaji asiyestahili anayepachikwa kwenye timu ya shule: kijana aliyeshamaliza, au anayecheza mtaani, anavalishwa sare na kupewa jina la mwanafunzi aliyeko darasani. Wapo wazazi na walimu wanaoliona jambo hili kama ujanja tu wa mpira. Ni wizi. Nafasi anayoichukua mamluki ni ya mtoto wa mtu, na akigundulika, matokeo ya timu nzima yanaweza kufutwa. Mwanao akiombwa "aazime" jina lake kwa kijana mwingine, kataa, na umweleze mtoto kwa nini umekataa.

Kuhusu cheti: vyeti vya kuzaliwa ni kazi ya RITA, na kwa wilaya yetu shughuli zake hufanyika kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, Mhunze. Kama hana cheti, anzia huko. Kama majina yanatofautiana, wao na mkuu wa shule watakuelekeza lipi lirekebishwe. Kazi hii si ya siku moja, na cheti hichohicho kitamsaidia kwenye mitihani na mikopo ya chuo, hata kama hatagusa mpira tena maishani.

Fedha nazo zinaleta maneno. Kwa Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, elimu ya shule za serikali hadi kidato cha nne haina ada (toka 2022 ni hadi kidato cha sita), na mchango wa mzazi ni wa hiari, unaopita kwenye utaratibu uliokubaliwa. Mtoto hafukuzwi shule kwa sababu mzazi wake hakuchangia jezi. Lakini kama unacho, changia: viatu, sabuni, dawa ya kuchua. Mfungie matobolwa na karanga, vinakaa siku nyingi bila kuharibika. Muulize pia mwalimu usafiri ni upi. Liwe basi, si kurundikwa nyuma ya lori.

Kuna hatari nyingine inayowahusu hasa watoto wa kwetu, ukanda huu wa almasi na dhahabu, kuanzia Mwadui hadi Geita. Mchezaji mzuri wa miaka kumi na tano anaonekana haraka na wenye maduara ya uchimbaji, wanamwita kwenye ndondo, mechi za mtaani, wanamlipa kila mechi. Akishazoea pesa ya Jumapili, darasa linakuwa chungu, na kutoka hapo hadi kwenye chekeche la almasi au kwenye ubeshi, kujipenyeza mgodini usiku, ni hatua chache.

Halafu anakuja anayejiita wakala. Kanuni za FIFA ziko wazi: wakala hazungumzi na mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, na mchezaji hahamishiwi nje ya nchi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayekuomba fedha ya "majaribio Ulaya" mfukuze. Mpira wa kulipwa upo hapahapa. Mwadui FC na Stand United zimecheza Ligi Kuu, na msimu wa 2021/22 mfungaji bora wa ligi hiyo alikuwa George Mpole wa Geita Gold, kwa mabao 17.

Wasichana pia wana soka yao UMISSETA. Mwaka 2022 Serengeti Girls, mabinti wasiozidi miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia India, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Binti akiomba ruhusa ya mazoezi, mpe, na ndoo za maji zigawanywe na kaka zake.

Wiki hii pita shuleni, mwulize mwalimu wa michezo jina la mwanao limeandikwaje kwenye usajili, kisha ulinganishe na cheti, herufi kwa herufi. Ukiona kasoro, anza kuishughulikia mara moja. Mei utakuwa umechelewa.