Samaki Wanaotupwa Baharini na Haki ya Watu wa Milimani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake bahari wapate humo nyama laini ya kula. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baada:

Somo hili ni la kubainisha ubaya wa kuwaua samaki kisha kuwatupa baharini, na wajibu wa Waislamu wa pwani katika kuliondoa jambo hilo. Nalo linaanza mlimani, si ufukoni. Kwani anayepunjwa kwa samaki aliyetupwa aghlabu yuko mbali na bahari, wala hana chombo cha kwendea kushuhudia lililotendeka.

FUNGU LA KWANZA: Njia ya samaki kupanda Usambara

Atokaye Tanga kwenda Lushoto hufika Mombo, kisha hupanda mlima kwa kona nyingi kupitia Soni, mwendo wa kama kilomita 33. Njia hii ya biashara baina ya mlima na pwani ni ya zamani. Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyefariki mwaka 1862, kiti chake kilikuwa Vuga juu ya mlima, na enzi yake ikafika mpaka pwani. Huko mlimani hushuka ndizi, maharage, mboga na matunda. Na huku pwani hupanda chumvi, nazi na samaki wakavu.

Samaki huyo mkavu si kitoweo tu. Katika nchi za milima mirefu mvua huosha ardhi na kuchukua madini joto, na mtu akiyakosa huota rovu shingoni, na mtoto wa mama aliyeyakosa huweza kuzaliwa na upungufu wa akili. Bahari ndiyo hazina ya madini hayo, na samaki wa baharini huyachukua mwilini mwake. Tena uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Tanzania, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na upungufu wa chakula chenye kujenga mwili ni moja katika sababu zake. Basi samaki aozaye chini ya bahari, yuko mtoto aliyemhitaji.

FUNGU LA PILI: Samaki ni riziki ya nani?

Katika Sura ya 5, aya ya 96, Mwenyezi Mungu amehalalisha mawindo ya baharini na chakula chake, akabainisha kuwa ni manufaa kwa wanaoambiwa na kwa wasafiri pia. Wako katika wafasiri waliosema kuwa samaki mbichi ni wa waliopo pwani, na aliyetiwa chumvi ni wa msafiri na wa aliye mbali. Hivyo aya yenyewe imemtaja mtu asiyekuwako ufukoni, ikampa fungu lake.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Jabir, jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubayda lilishikwa na njaa kali karibu na bahari, mpaka wakala majani. Bahari ikawatolea samaki mkubwa mno, wakamla siku nyingi mpaka miili yao ikapata nguvu. Hawakuishia hapo. Waliikata nyama yake wakaichukua mpaka Madina, na Mtume, rehema na amani zimfikie, akaomba sehemu yake akala. Basi kumpeleka samaki bara kwa wasiokuwa na bahari ni jambo lililotendwa na masahaba.

FUNGU LA TATU: Namna samaki wanavyopotezwa

Njia ni nyingi, na hizi ndizo kubwa.

Ya kwanza ni nyavu za kukokota za meli. Wavu huburutwa chini ya bahari kutafuta kamba, ukazoa kila kilichomo. Kamba huwekwa, kwa kuwa bei yao ni kubwa; samaki wadogo na wa bei ndogo hutupwa hali wamekwisha kufa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa hesabu mwaka 2019, ya kwamba katika miaka 2010 hadi 2014 zilitupwa katika bahari za dunia kama tani milioni 9.1 kila mwaka. Hiyo ni kama tani 1 katika kila tani 10 zivuliwazo.

Ya pili ni kukata mapezi ya papa na kuutupa mwili. Januari 2018 maofisa wa Serikali ya Tanzania walikikagua chombo cha kigeni kiitwacho Buah Naga No. 1, wakakuta mapezi ya papa yasiyo na miili. Na nani asiyejua thamani ya papa mkavu kwa watu wa pwani na wa bara?

Ya tatu inatendwa na wenyeji wenyewe, nayo ni baruti. Kishindo kinapolia, samaki hupasuka matumbo, na wengi huzama chini wasipatikane tena. Wanaopatikana nyama yao hulegea na kuharibika upesi, wala hawafai kwa safari ndefu. Na matumbawe yaliyokuwa nyumba ya samaki huvunjika, na kurudi kwake huchukua miaka mingi. Pwani ya Tanga imeteswa na baruti kwa muda mrefu, ingawa sheria imeikataza.

FUNGU LA NNE: Maswali na majibu

Akisema msemaji: Samaki niliyemvua ni mali yangu, nikimtupa nani wa kunihoji? Hujibiwa: Mtume amekataza kupoteza mali, na makatazo hayo yanamhusu mwenye mali kabla ya mwingine. Tena ameamrisha tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu na liliwe, wala asiachiwe shetani. Ikiwa tonge moja haliachwi, itakuwaje wavu mzima?

Akisema: Aliyetupwa huliwa na samaki wengine. Hujibiwa: Hao walikuwa na riziki yao kabla ya wavu kushushwa. Mvuvi hakupewa ruhusa ya kuua ili kulisha papa. Alipewa ili ale na alishe.

Akisema: Samaki hawa hawana mnunuzi, au hawajulikani. Hujibiwa: Katika madhehebu ya Shafii, samaki wa baharini wote ni halali, ila mwenye madhara. Asiye na mnunuzi ufukoni huenda akampata Mombo au Lushoto, akitiwa chumvi na kukaushwa vyema.

Lakini ipambanuliwe: kumrudisha samaki mchanga angali hai, au kumwachilia kasa aliyenaswa, si upotevu. Huko ni kuhifadhi. Upotevu ni kuua kisha kutupa.

FUNGU LA TANO: Walioshindana na jambo hili

Asikate tamaa mtu akadhani kuwa haliondoki. Norway ilikataza kuwatupa chewa wa kaskazini mwaka 1987. Uingereza, Hugh Fearnley-Whittingstall, mpishi na mwandishi, alianzisha kampeni mwaka 2010, na watu zaidi ya 800,000 wakaandika majina yao. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuwataka wavuvi walete bandarini samaki wa aina zilizowekewa kiwango. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi nayo ilipiga marufuku mwaka 2013 kutupa jodari kwa meli za nyavu za kuzungushia.

Na karibu zaidi, katika kisiwa cha Misali, Pemba, kilichohifadhiwa tangu mwaka 1998, wavuvi walifundishwa uhifadhi wa bahari kwa Qurani na Hadithi, na masheikh wakashirikishwa. Mvuvi asiyemwogopa askari huenda akamwogopa Mola wake.

FUNGU LA SITA: La kutendwa

Mvuvi atumie wavu wenye macho mapana, aache baruti na juya, na apeleke chumvi chomboni. Mchuuzi asimdharau samaki mdogo. Amkaushe juu ya kichanja, si mchangani, ampandishe mlimani. Khatibu alitaje jambo hili juu ya mimbari. Wanakamati wa ulinzi wa bahari wapeleke habari za meli zinazotupa, kwa tarehe na mahali, ili Serikali ipate ushahidi. Na mnunuzi wa Lushoto akatae samaki wa baruti, hata akiwa rahisi. Kwani pasipo mnunuzi hapana muuaji.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa walinzi wa neema zake, wala asiwajaalie katika wenye kufuja, ambao Qurani imewaita ndugu wa mashetani. Amina.